Kinywa cha Kuazima

Kitinda alikuwa na meno mazuri ambayo watu wengi waliomfahamu hawakuwahi kuyaona. Yalikuwa meupe, yamepangana vizuri, hayana pengo wala ukoga. Kasoro ilikuwa mdomo wa juu, ambao Mwenyezi Mungu aliupima kwa mkono mkunjufu mno, ukashuka ukayafunika yote. Akiongea, meno ya chini yalichungulia kidogo na ya juu yakabaki ndani, kama wageni waliokatazwa kutoka sebuleni. Shuleni walimwita Kibogoyo. Ukubwani watu waliokutana naye mara ya kwanza walimwuliza ni nani aliyemuudhi.

Kichekesho ni kwamba kazi yake ilikuwa kutengeneza meno. Alikuwa fundi katika maabara ndogo nyuma ya kliniki, chumba chenye dirisha moja, taa ya kupinda shingo na harufu ya plasta mbichi. Daktari alichukua chapa ya kinywa cha mgonjwa kule mbele. Kitinda akamimina plasta, akapata mfano wa taya, kisha akachonga meno ya nta juu yake kwa kisu chembamba, moja baada ya jingine, mpaka akaridhika. Wako watu waliotembea mjini wakimchekea kila mtu kwa meno yaliyotoka mkononi mwake. Yeye mwenyewe aliongea na kiganja mbele ya mdomo.

Miaka yote alijizoelea. Kilichomtoa kwenye mazoea ni neno moja la mama yake.

Kitinda alipendana na mume wa marehemu dada yake, fundi wa lifti, mwanamume mpole wa mabega mapana ambaye Kitinda alikuwa bado anamwita Shemeji kwa sababu ulimi ulikataa kabisa kumwita vingine. Dada alikuwa ameondoka mwaka wa tatu sasa. Mapenzi yao hayakuja kwa kishindo. Mwanzoni shemeji alikuwa anapita kwa mama mkwe kumtengenezea hiki na kile, na Kitinda akawa anamshikia tochi. Walizungumza habari za marehemu, baadaye habari nyingine, baadaye wakaweza kukaa bila kuzungumza, na hapo kila mmoja akajua ameshapatikana.

Shemeji alikuwa amekwenda kwa Mama mara mbili kumwomba Kitinda. Mara mbili Mama alikataa. Alisema watu watasema binti yake mdogo alikuwa akimvizia mume wa mtu tangu dada yake yu mgonjwa kitandani. Mara ya pili aliongeza jingine, na hilo ndilo lililomkaa Kitinda kooni. Alisema hata binti mwenyewe haoni furaha, maana mazungumzo yote yalipokuwa yakiendelea alikaa pale amenuna.

Kitinda hakuwa amenuna. Siku ile alikuwa na furaha kiasi cha kushindwa kumeza mate. Lakini furaha ilibaki nyuma ya mdomo, na Mama hakuiona.

Sasa Shemeji angekuja mara ya tatu, Jumamosi alasiri, na alikuwa amesema itakuwa ya mwisho. Kampuni yake ilimtaka ahamie mji wa mbali kwenye majengo marefu, naye alikuwa ameomba muda wa kufikiri. Alimwambia Kitinda bila kumung'unya maneno kwamba hawezi kumsumbua mama wa watu maisha yake yote. Akikataliwa tena, ataondoka. Kitinda alikwenda kazini, akasubiri mgonjwa wa mwisho atoke, akajilaza kwenye kile kiti cha wagonjwa ambacho hakuwahi kukikalia.

"Nataka meno ya juu yaonekane nikiongea," alimwambia Daktari.

Daktari alikuwa mama wa makamo asiyependa kupoteza maneno. Alimwambia aongee, ahesabu, ataje majina ya siku, huku amemsogezea taa usoni. Kisha akavua glavu na kumweleza kama anavyomweleza mgonjwa yeyote. Njia zipo. Kuna upasuaji mdogo wa kukata kipande chembamba cha ngozi chini ya pua ili mdomo upande juu, ila ukishapanda haurudi, na kovu lake si kila ngozi inalificha. Kuna sindano za kuujaza mdomo ukunjuke, nazo huisha nguvu baada ya miezi, tena mdomo mrefu unaweza kuzidi kuwa mzito. Kuna kuyarefusha meno yenyewe, ama kwa dawa ya kujazia meno yaliyotoboka, ama kwa maganda ya kaure yanayogandishwa juu ya jino. Hapo lazima uangaliwe unavyokutanisha meno, maana jino refu likigongana na la chini litavunjika. Na umri nao una yake, alisema, kwani mdomo wa juu hushuka kadiri mtu anavyozeeka.

"Na ujifunze kutoa maneno," akamalizia. "Wewe unayameza. Hata nikikupa meno ya farasi, ukiyameza maneno hivyo hakuna atakayeyaona."

Waliafikiana kuanza na majaribio. Kitinda angechonga nta juu ya mfano wa taya lake mwenyewe, arefushe yale sita ya mbele. Daktari angeitumia kumvisha maganda membamba ya muda juu ya meno yake bila kusaga chochote. Akiyapenda, watatengeneza ya kudumu. Asipoyapenda, yatabanduliwa.

Kwa hiyo Kitinda alichonga. Hakupiga picha wala kutazama kitabu. Aliuachia mkono, na mkono ukaenda wenyewe bila kusita hata kidogo, jambo lililomfurahisha. Daktari alipoipokea ile nta aliigeuzageuza. Aliuliza kwa nini jino la pembeni kushoto limepanda kidogo juu ya mwenzake, wakati la Kitinda limenyooka. Kitinda akajibu anavyojibu fundi yeyote wa meno, kwamba meno yaliyonyooka yote hujulikana upesi kuwa ni ya bandia, na kikasoro kidogo ndicho kinachomdanganya mtazamaji. Daktari akakubali, maana ni kweli.

Jumamosi mchana alivishwa. Alijitazama kwenye kioo cha mkono kama fundi anavyotazama kazi, kingo, rangi, mstari wa fizi, akaona safi. Hakutamka neno mbele ya kioo kile. Alishika mkoba akaenda kwa Mama.

Shemeji alikuwa amewahi. Alimkuta sebuleni amepiga magoti kwenye mlango wa ua, anakaza bawaba iliyolegea, amevaa shati lake zuri na mikono ameikunja. Mtu wa kuja kuposa na bisibisi mfukoni. Kitinda alihisi moyo unamjaa.

"Shemeji," alisema, "hata leo umekuja kikazi?"

Aligeuka akicheka. Kicheko kikamkatikia usoni. Hakuinuka, alibaki pale chini na bisibisi mkononi, akimtazama mdomo.

"Sema tena," alisema kwa sauti ndogo.

"Niseme nini?"

"Chochote. Sema tu."

Kitinda alicheka kwa haya, na meno yakaonekana, akajua yameonekana. Uso wa mwanamume yule ulibadilika. Ulilainika, ukawa wa kijana, na macho yakajaa maji. Kitinda alikuwa amelitamani jicho hilo tangu alipoanza kumpenda. Alilipokea kwa mwili mzima.

Kisha akakumbuka kwamba alishaliona kabla. Alikuwa ameliona mezani, harusini, kwenye korido ya hospitali. Ni vile tu halikuwa likimwangalia yeye.

Aligeukia kabati la vyombo lenye mlango wa kioo. Alijisogeza akasema, "Shemeji," polepole, na kwenye kioo dada yake akalitamka neno lile pamoja naye.

Lilikuwepo jino la dada la pembeni kushoto, limepanda kidogo juu ya mwenzake. Ulikuwepo ule urefu wa mawili ya kati. Kitinda alifunga mdomo, na kila kitu kikamjia. Alipokuwa mwanafunzi, kila mmoja alitakiwa kutafuta kinywa cha kujifunzia, na dada akajitolea chake. Alikaa na kibati kilichojaa uji mzito wa kuchukulia chapa mdomoni, anadondosha mate, anacheka puani, na Kitinda akamfokea atulie. Taya lile alilimimina na kulichonga upya mpaka mwalimu akachoka kulisahihisha. Mkono ulikuwa umelikariri. Wiki nzima hii alidhani anajichongea yeye.

"Ulikuwa unamwangalia nani?" aliuliza bila kugeuka.

Shemeji angeweza kudanganya. Wanaume wengi wangedanganya, na wanawake wengi wangeushukuru uongo ule. Yeye aliinuka, akaiweka bisibisi juu ya meza.

"Yeye," alisema. "Nisamehe. Niliyemwona ni yeye."

"Na siku nyingine? Ukikaa na mimi huwa unamtafuta?"

"Hapana. Siku nyingine simtafuti." Alisita, anachagua maneno. "Wewe ukiongea simwoni popote. Mwanzoni iliniuma. Nilikuwa nakuja hapa nipate japo sauti, japo kicheko kimoja, na wewe huna hata kimoja chake. Baadaye nikagundua nakuja na simtafuti tena. Nakuja unishikie tochi."

"Kwa hiyo umenipenda kwa sababu sifanani naye."

"Sikusema hivyo."

"Ndivyo ulivyosema. Nikifanana naye unampenda yeye, nisipofanana naye unapumzika kutoka kwake. Mimi niko wapi hapo, Shemeji?"

Walisimama na meza katikati yao. Kitinda alimpenda hata wakati huo, tena sana, na hilo ndilo lilimuuma zaidi. Alikuwa anawaza kuchukua mkoba wake aliposikia mlango wa chumbani ukifunguliwa.

"Nani huyo amekuja?" Mama aliuliza akitokea, anafunga kifungo cha mkono wa gauni.

"Ni mimi, Mama. Shikamoo."

"Marahaba, mwa—"

Neno halikumalizika. Mama alikuwa mwanamke mkavu. Kwenye msiba wa binti yake alipokea wageni, alielekeza pa kuweka viti, aliwanyamazisha waliolia kupita kiasi, na hakuna aliyeona chozi lake. Sasa alitembea kuvuka sebule akijishikilia kwenye mgongo wa kiti, akafika, akaweka viganja viwili kwenye mashavu ya Kitinda.

"Sema," alisema.

"Mama, hiki ni kitu cha kazini tu, cha kujaribu."

"Sema tena. Cheka, mwanangu."

Na Kitinda, aliyezoea kumtii mama yake tangu hajajua kutembea, akacheka kidogo. Mama alitoa sauti ambayo Kitinda hakuwahi kuisikia. Alimvuta kifuani, akamkumbatia vile ambavyo hakuwahi kumkumbatia tangu utotoni, akamgeukia Shemeji bila kumwachia.

"Nimekubali," alisema. "Muoane. Mkae hapa karibu, mje kila siku, nimwone. Watu waseme watakavyo, mimi nimekubali."

Kitinda alisikia harufu ya sabuni kwenye shingo ya mama yake. Kila alichokitaka kilikuwa kimewekwa mbele yake kwa mkupuo. Ridhaa ilikuwepo. Lile jicho lilikuwepo. Kumbatio hili ambalo alilisubiri akiwa mtoto wa mwisho, aliyevaa nguo za dada yake na kusoma vitabu vya mwenzake, nalo lilikuwepo. Kilichotakiwa ni kutoyabandua yale maganda tu. Daktari angeyatengeneza ya kudumu kwa kaure, na yeye mwenyewe angeyachonga, kwani mkono ulikuwa unayajua. Tusimlaumu. Aliifikiria kweli, na kwa muda mfupi aliona inawezekana.

Alimtazama Shemeji juu ya bega la Mama. Mwanamume yule naye alikuwa amepewa alichokihangaikia mwaka mzima. Alitakiwa kusema asante tu, jambo liishe. Aliinamisha kichwa, na Kitinda akaanza kuagana naye moyoni.

"Mama," alisema hatimaye, "nashukuru. Lakini huyo unayenipa tulishamzika. Nilibeba jeneza lake mimi mwenyewe. Leo nimekuja kumwomba huyu mwingine."

Mama alimwachia Kitinda.

"Huyu mwingine nilishakukatalia," alisema.

Lilitoka hivyo hivyo, kavu. Kitinda ndiye aliyesogea kwanza. Alikwenda mezani palipokuwa na sinia la vikombe, akachukua kijiko kidogo na kisahani, akaketi. Alijua pa kubonyeza. Aliingiza ncha ya mpini wa kijiko pale ganda linapokutana na fizi, akatikisa kidogo, na ganda la kwanza likaachia.

"Acha," Mama alisema. Aliushika mkono wake. "Acha kwanza. Kaa nayo leo tu. Kesho utayatoa."

"Mama, nikiyaacha leo sitayatoa."

Aliuondoa mkono wa mama yake taratibu, bila hasira. La pili lilivunjika na kutoka vipandevipande. La tatu lilimchoma fizi, akaonja damu, akaendelea. Lile la pembeni kushoto aliliacha mpaka mwisho, na lilipoachia aliliweka kwenye kisahani kwa uangalifu kuliko mengine, kisha akajipangusa mdomo kwa mgongo wa mkono. Mama alikuwa amekaa kwenye kochi. Machozi yalikuwa yanamtiririka, hayapangusi, kama mtu asiyejua kwamba ni yake.

"Unaona huyu mkwe wangu alivyokuwa anataka kunimaliza?" alisema, na haikujulikana anamwambia nani. "Miaka yote hii mimi na yeye ndio tuliobaki tunamlilia marehemu. Wengine walikula wakaondoka. Akija hapa na bisibisi zake, najua amekuja kwa ajili ya marehemu. Nikimpa wewe, basi. Ataacha kulia. Nitabaki nalia peke yangu ndani ya nyumba hii."

Kwa hiyo hilo ndilo lilikuwa jambo lenyewe. Hayakuwa maneno ya watu, wala kuvizia mume wa mtu, wala kununa. Kitinda alikwenda akapiga magoti mbele ya kochi.

"Hajaacha," alisema. "Hukumwona leo kabla hujatoka chumbani. Kaona neno moja tu likitoka kwenye kinywa kile, akashindwa kuinuka."

Mama alimtazama mkwe wake. Shemeji alikuwa amesimama pale pale, macho mekundu, mikono haina kazi, na hakujificha. Mama alimtazama kwa muda, kama anayehakikisha, kisha akarudisha macho kwa binti yake, kwenye mdomo mrefu unaofunika meno, wenye alama ya damu pembeni.

"Na wewe," aliuliza kwa upole ambao Kitinda hakuuzoea, "utaweza kukaa ndani na mwanamume anayemlilia mwenzako hivyo?"

Lilikuwa swali lile lile, kwa maneno mengine, alilomwuliza Shemeji mbele ya kabati la vyombo. Alimfikiria dada yake akicheka puani na mdomo umejaa uji wa chapa. Alimfikiria mwanamume ambaye angeweza kusema uongo mara mbili alasiri ile moja na mara zote mbili akasema kweli.

"Mama, na mimi namlilia," alisema. Aliyatoa maneno yote nje, hakumeza hata moja. "Alikuwa dada yangu kabla hajawa mke wake. Tutapokezana. Siku akilia yeye, mimi nitamshika. Siku nikilia mimi, atanishika yeye. Na siku sote wawili tukishindwa, tutakuja kwako."

Mama hakusema amekubali, na wala hakusema amekataa. Alichukua kile kisahani, akavimimina vile vipande kwenye kitambaa chake cha mkononi, akakifunga fundo na kukiweka mapajani. Kisha akajisogeza mpaka ukingoni mwa kochi, ikapatikana nafasi upande wake wa kulia.

"Njoo ukae hapa, baba," alimwambia Shemeji. "Na wewe inuka hapo chini. Siwezi kuongea mambo mazito na watu ambao hawajakaa."